Chokaa au saruji kwenye kuta za nyumba ya kale?

Kila anayekarabati nyumba ya mawe Lamu au Mji Mkongwe huuliza: ndani nipige lipu ya chokaa au ya saruji?

Kwa haraka, saruji inashinda. Inapatikana kila duka la vifaa, fundi yeyote anaijua, na hukauka upesi. Chokaa hutaka subira na fundi aliyeizoea, na hao si wengi.

Kwenye kudumu, mambo hugeuka. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, hunywa unyevu na chumvi. Chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Pitisha kidole kwenye lipu ya saruji chini ya ngazi: unga mweupe wa chumvi, na lipu inabanduka vipande vizima. Zidaka (vishubaka vya ukutani) za Lamu za karne ya 18 zilichongwa kwenye chokaa, na nyingine bado zimesimama. Inaniuma kuziona zimezibwa kwa saruji.

Matunzo? Chokaa hudai kupakwa upya mara kwa mara.

Kama nyumba yako ni ya matofali ya saruji, tumia saruji. Kama ni ya matumbawe na una muda, tafuta fundi wa chokaa kwanza.