Amoksiklavu: inachofanya vizuri, inaposhindwa, na jinsi ya kutoiharibu

Kati ya antibayotiki zinazochanganywa kiwandani na kupatikana kwenye famasi za kawaida, hii tunaipa alama za juu, ila kwa sharti kwamba itumike kwa aina ya usugu wa bakteria inayoiweza. Ni amoksisilini, dawa ya jamii ya penisilini, na asidi ya klavulaniki. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1981 kwa jina la Augmentin, na leo viwanda vingi vinaitengeneza.

Bakteria wengi hujikinga kwa kutoa kimeng'enya, beta-laktamasi, kinachoikata amoksisilini kabla haijaanza kazi. Klavulaniki yenyewe karibu haiui kitu. Hukinasa kile kimeng'enya na kukilemaza, amoksisilini ikapata njia. Ndiyo maana inafaa sana kwa jeraha la kung'atwa na mbwa, paka au binadamu, ambako bakteria huwa wa aina nyingi kwa pamoja. Kwa MRSA, yaani bakteria wa stafilokoka walio sugu kwa dawa za jamii ya penisilini, haisaidii: hao wamebadilisha protini yenyewe ambayo amoksisilini huishika, kwa hiyo kuzuia kimeng'enya hakubadilishi lolote. Na mtoto mwenye nimonia ya kawaida huanzishiwa amoksisilini peke yake. Klavulaniki hapo mara nyingi humwongezea kuhara tu.

Kwenye vidonge, kosa kubwa liko kwenye namba. Cha 375 kina amoksisilini mg 250, cha 625 kina mg 500, cha gramu 1 kina mg 875. Klavulaniki ni mg 125 katika vyote vitatu. Muuzaji aliyeishiwa 625 akikupa 375 mbili, amekupa amoksisilini ileile na klavulaniki maradufu, na tumbo ndilo litakaloumia. Mtu mzima kwa kawaida huandikiwa 625 kila baada ya saa 8, au gramu 1 kila baada ya saa 12. Imezwe chakula kinapoanza: klavulaniki hufyonzwa vizuri zaidi na kichefuchefu hupungua. Unyevu huiharibu, kwa hiyo kataa vidonge vilivyotolewa kwenye karatasi yake ya bati na kutiwa kwenye bahasha, hasa ukiwa Pwani.

Dawa ya maji ya watoto ndiyo inayoharibika zaidi mikononi mwa watu. Gonga chupa kwanza ili unga uachane na kitako. Tia maji yaliyochemshwa yakapoa, kama theluthi mbili ya kiasi kilichoandikwa, tikisa kwa nguvu, subiri povu litulie, ndipo ujaze hadi alama. Ukijaza mara moja, unga hugandamana chini na povu hukudanganya kuhusu alama. Dozi za mwanzo zinakuwa nyepesi, za mwisho kali. Tikisa kila kabla ya kupima, na upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai. Soma pia nguvu yake: ml 5 za chupa ya 457 zina dawa maradufu ya ml 5 za chupa ya 228. Ikishachanganywa ikae kwenye friji, na kwa chapa nyingi baada ya siku 7 imwagwe hata kama imebaki. Nyumba isiyo na friji iulizie vidonge vya kuyeyusha kwenye maji.

Usiilinganishe na kapsuli za ampisilini na kloksasilini, ingawa nazo ni mbili kwa moja. Kapsuli ya mg 500 ina mg 250 tu ya kila moja, na WHO imeuweka mchanganyiko huo kwenye orodha ya isiyopendekezwa. Hatuoni sababu ya kuununua.

Mwenye mzio wa penisilini asiiguse kabisa. Macho yakigeuka njano au mkojo ukawa mweusi, hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dozi, nenda hospitali na utaje dawa hii kwa jina. Tatizo hilo la ini huwapata zaidi wanaume na wazee, na aliyewahi kulipata haruhusiwi kuitumia tena.