GeoGebra kwenye somo la msambamba: nimeridhika nayo

Nafundisha hisabati darasa la sita, na kwa somo la mstatili na msambamba sijapata zana inayoishinda GeoGebra. Ni programu ya bure kwa walimu na wanafunzi. Markus Hohenwarter aliianzisha mwaka 2001.

Nachora mstatili wa sentimita 8 kwa 5: eneo 40, mzingo 26. Kisha nauinamisha uwe msambamba, yaani umbo la pande nne lenye pande mkabala zilizo sambamba, urefu wa pande zake ukibaki uleule. Kimo kikishuka hadi 4, eneo linasomeka 32, kikifika 2.5, limebaki 20. Mzingo hautikisiki, 26 vilevile! Hapo wale walioshika kwamba mzingo sawa ni eneo sawa wanaanza kubishana kwelikweli, na mimi nawaacha wabishane.

Halafu nageuza kibao: kitako 8 na kimo 5 havibadiliki, nasogeza upande wa juu sentimita 12 kulia. Eneo ni 40 lilelile, ila pande za mshazari zimekuwa 13 na mzingo umeruka hadi 42.

Kwenye simu ndogo vidole huziba namba, kwa hiyo tafuta kishikwambi au projekta. Na kwenye zoezi lile la kwanza, ule upande wa 5 ufunge kwanza kwa duara lenye nusu kipenyo 5, la sivyo utarefuka ukivuta ncha.