Semina ya kupima vituo vya majaribio ya dawa za demensia, Bagamoyo: nendeni, ila mdai kipindi cha walezi

Mimi ni muuguzi wa utafiti. Kazi hii nimeijulia kwenye chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa 2009 hadi 2014 katika vituo 11 vya Afrika, Bagamoyo na Korogwe vikiwemo. Kule kituo kizuri hakikujificha: watoto wamerudi kwa tarehe, slaidi za damu zimesomwa, fomu hazina mapengo. Sasa nataka kuhamia kwa wazee wenye demensia, ugonjwa wa kupungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ndiyo maana nikalipa 120,000.

Ukumbi uko karibu na Mji Mkongwe. Joto kali, feni haitoshi. Samaki wa mchana safi.

Kilichonilipa hela yangu ni zoezi la video. Walituonyesha mpimaji akimhoji bibi mmoja: anamsomea maneno kumi, kisha bibi ayataje. Kila mtu akatoa alama peke yake. Bibi aliposema "kuku" badala ya "jogoo", wengine tulimnyima, wengine wakampa. Jirani yangu alihesabu hata neno lililokuja baada ya mpimaji kumnong'oneza herufi ya kwanza. Mwezeshaji akaandika alama zetu zote ubaoni bila majina. Zilitawanyika vibaya, na sote tumemwona bibi yule yule.

Hapo ndipo akatuletea jaribio la lecanemab, dawa ya Alzheimer (aina kuu ya demensia): watu 1,795, miezi 18, na tofauti kati ya waliopata dawa na waliopata plasebo (dawa bandia) ilikuwa alama 0.45 kwenye CDR, kipimo cha ukali wa demensia chenye alama 0 hadi 18. Ni wastani wa watu wengi, sawa, lakini tofauti ndogo namna hiyo inamezwa na wapimaji wasioelewana. Kwenye malaria kipimajoto hakibishani na mtu. Kwenye demensia kipimo chenyewe ni mazungumzo, kwa hiyo kituo kiulizwe kwanza: wapimaji wake wanakubaliana? Mzee anapimwa na mtu yule yule hadi mwisho? Kasi ya kuandikisha ije baadaye.

Suala la wanaochujwa kabla ya kuingia jaribioni nalo lilielezwa vizuri. Jaribio la A4, la dawa ya Alzheimer kwa wazee ambao bado hawana dalili, lilianza kuchunguza watu 6,763, walioingia ni 1,169. Basi kuchuja wengi si uzembe. Uzembe ni kumpandisha mzee daladala kutoka Kiwangwa hadi mjini kwa sababu ambayo ungeijua kwa simu.

Sasa malalamiko, na hili linaniuma. Alama za CDR hutegemea sana maelezo ya anayeishi na mgonjwa. Majumbani kwetu mama huuguzwa kwa zamu: leo yuko kwa binti hapa Bagamoyo, baadaye kwa kaka Dar. Akija na mkwe safari hii na mjukuu safari ijayo, alama zinaweza kubadilika hata kama ugonjwa uko pale pale. Fomu ya kupimia kituo tuliyopewa haina sehemu ya kuandika kwamba msindikizaji amebadilika. Nilipouliza nikajibiwa, "Andikeni pembeni." Cha pembeni hakihesabiwi na yeyote! Mada ya walezi ilipewa dakika chache kabla ya kufunga, watu wameshabeba mikoba.

Pia mifano yao ilidhani kila mzee ameshika penseli. Kipimo cha IDEA, cha kuchunguza demensia, kilichotengenezwa Hai, Kilimanjaro, humtaka mzee apange njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa, na bibi asiyesoma anaweza kupimwa kwa haki. Kimezaliwa nchini kwetu na hakikutajwa hata mara moja. Waandaaji, tafadhali kiwekeni.

Nawapa 4 kati ya 5. Kama wewe ni mpimaji au unasimamia takwimu, nenda. Kama kazi yako ni kuandikisha tu, subiri waongeze kipindi cha walezi. Na usiondoke bila faili la Excel la kulinganisha alama za wapimaji. Hawalitangazi, ila ukiomba wanakuwekea kwenye flashi. Mimi nimeshaongeza safu ya msindikizaji na tunalitumia kituoni.