Uzoefu wangu: lile shamba la "ranchi ya mtoni" Pemba, nimekwenda mara mbili

Nimeulizwa na watu kama wanne hivi kuhusu lile shamba la Pemba linalotangazwa "ranchi ndogo ya vilimani, eka tatu na nusu, mto unapita mbele, mikarafuu 60 inazaa", basi bora niandike mara moja niachwe. Mimi nimelikwea kwa miguu yangu mara mbili, Juni na Februari, na walahi niliyoyaona ni mashamba mawili tafauti.

Kwanza mjue nilikuwa natafuta nini. Naishi Unguja, Mwanakwerekwe, marehemu mama ni wa Mkoani, na siku nyingi nikitaka pahala pa kufuga ng'ombe wawili watatu na kupanda vyangu, nikichoka na mji nende nikakae kimya. Unguja bei hazishikiki, kila shamba ukiuliza unaambiwa limeshakatwa viwanja. Dalali nilimpata kwa simu, anajibu upesi, picha zake kali, kila neno la tatu "bosi". Bei milioni 35, inazungumzika.

Juni nikapanda boti mpaka Mkoani, bodaboda mpaka upande wa Mtambile, halafu njia ya miguu, panda shuka panda shuka. Vilima vya Pemba si virefu lakini vimebanana, unashuka bonde hujavuta pumzi unapanda kwengine, na masika ndio kwanza yamekwisha udongo unateleza kama mlenda, mimi na viatu vyangu vya mjini nimekwenda chini mara mbili mbele ya watoto wa skuli. Lakini nilipofika juu nikasahau yote. Kijani mpaka macho yanauma, migomba, mifenesi, mishokishoki, harufu ya karafuu inakuja na upepo, na chini unausikia mto kabla hujauona. Waarabu wa zamani wakiiita Pemba Al-Jazira al-Khadhra, kisiwa cha kijani, na pale juu nikasema hawa hawakukosea. Maji yalikuwa meupe, yanakwenda mbio, yanafika magotini. Dalali kimya, kaniacha nitazame. Mjanja yule, anajua pale hapahitaji maneno.

Nilikuwa na milioni 5 za arbuni tayari kwenye simu. Tayari kabisa. Na dalali akanipa ile ya "bosi kuna mtu wa Dar anakuja Jumatatu na pesa mkononi". Huyu mtu wa Dar mimi nishamsikia kwenye kila ardhi niliyowahi kuoneshwa, sijui ana pesa kiasi gani na sijui kwa nini kila siku anakuja Jumatatu.

Kilichoniokoa ni mzee wa shamba la pili, alikuwa anahamisha ng'ombe wake kamba. Nikamwamkia, akanitazama viatu, akaniuliza:

"Mwanangu, umekuja kununua mto?"

"Nimekuja kutazama shamba, babu."

"Haya. Basi njoo tena kaskazi imekaza ndio uutazame."

Halafu akanipeleka kwenye mzambarau ulio kando ya maji, akanyoosha fimbo juu. Kwenye tawi, juu ya kichwa changu na mimi si mfupi, kulikuwa na shungi la nyasi kavu limenasa pamoja na gunzi la hindi na kipande cha kandambili. "Haya hayakupandishwa na ndege," akasema. Maana yake masika mto unapanda mpaka pale, na pale pale dalali alikuwa ameshanionesha kwa mkono, hapa bosi jenga banda lako, ng'ombe wanywe bila kwenda mbali.

Arbuni sikutoa. Dalali alinuna njia nzima.

Februari nikarudi, mara hii na binamu yangu anayejua mambo ya ardhi, na dalali hatukumwambia. Mto umekatika. Yaani si kwamba umepungua, umekatika, vimebaki vidimbwi vitatu, kimoja kina viluwiluwi, kimoja ng'ombe wamekivuruga kwa kwato mpaka tope tupu, kimoja ndicho safi kidogo na hicho kipo ng'ambo, si upande wa shamba. Nimevuka na kandambili sijatota. Kwa hiyo ukitaka kufuga pale hesabu na kisima kabla hujahesabu banda, kwa sababu jua la kaskazi ndipo ng'ombe anapotaka maji mengi na ndipo mto haupo.

Na hiyo "mbele mto" nayo ina maneno. Baina ya shamba na mto pana ukanda wa bonde, kina mama wa kijiji wanalima mpunga miaka na miaka, kila mmoja na kijaruba chake. Binamu akawauliza kwa adabu, nani mwenye bonde? Wakacheka. Mmoja akasema hapa alilima nyanya yangu. Shamba lenyewe linagusa mto kwenye pembe moja tu, nimehesabu hatua 38. Tukazunguka na simu tukipima, mpaka mmoja ni safu ya mibono, wa pili njia ya ng'ombe, wa tatu mfenesi ambao jirani anasema ni wake wote na muuzaji anasema ni nusu kwa nusu. Ikatoka eka mbili na robo hivi. Kipimo cha simu si cha mpima, nakubali, lakini eka nzima na zaidi haipotei kwenye simu.

Sasa miti, na hapa nataka khasa wale wa kutoka bara wasikilize. Kwetu huku ardhi kitu chengine na miti kitu chengine. Mtu anaweza kuwa na mikarafuu yake kumi ndani ya shamba lako, kairithi au kainunua, na msimu ukifika anakuja na watu wake na ngazi anachuma, na wewe mwenye ardhi unamkaribisha chai. Tangazo linasema mikarafuu 60. Mimi nimehesabu 43. Katika hiyo 11 ni ya shangazi yake muuzaji, na bibi wa watu hakuificha, katuzungusha mwenyewe mti mmoja mmoja anaupiga kofi kwenye gome, "huu wangu, huu wangu, huu wa kaka, huu wangu." Mengine sita saba imezeeka vilele vimekauka. Imebaki kama 25 ya kutegemea, na mkarafuu ni mti wa hiari yake, mwaka huu unajaa mwakani unakupa majani, tena ukiamua kupanda mipya usubiri miaka sita mpaka minane ndio uanze kuona kitu. Hesabu aliyonipa dalali kwamba shamba litajilipa kwa misimu miwili, kaitoa kichwani mwake huko huko kwenye bodaboda.

Karatasi ndio sehemu nilotumia muda mrefu kuliko zote. Tukaenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa pale kijijini, tena sheha mstaarabu, katutolea viti nje. Kumbe sehemu kubwa ya shamba imetokana na "eka tatu", yale mashamba ya eka tatu tatu waliyopewa watu na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, alipewa baba yake muuzaji. Mzee keshafariki, mirathi haijagawiwa, ndugu wako saba. Na Zanzibar ardhi yote ni ya umma, na sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992 inasema hivyo, wewe unachopata ni haki ya kuitumia, ukiihaulisha, yaani ukiihamishia mtu mwengine, lazima ipite kwenye Bodi ya Uhaulishaji, sio mnaandikiana kwenye daftari mbele ya mashahidi wawili mkala halua mkaondoka. Na eka tatu ina masharti yake juu ya hayo. Sheha akasema wazi, nendeni Kamisheni ya Ardhi mkaulize kwanza, mirathi ipite kwa Kadhi, halafu mkirudi hapa mimi nitasaini. Dalali nilipompigia akanambia "bosi hayo tutayaweka sawa baadae." Baadae ya nini? Baadae ya pesa yangu.

Huduma ya dalali kwa hiyo: kaniomba elfu 30 ya kunionesha, nikampa, kaomba na mafuta ya bodaboda ambayo nililipa mimi, nikampa pia maana nilikuwa nishalewa kijani. Hakuniongopea kila kitu, mkae mkijua. Njia alisema mbaya na ni mbaya, umeme alisema upo barabarani haujapanda na ni kweli. Lakini mto, eka, miti, mirathi, yale manne ya maana, yote kayapaka rangi. Nampa tatu kwa kumi na hiyo tatu ni ya njia.

Ardhi yenyewe naipa nane. Sitanii. Udongo wa pale juu ni mweusi una uhai, binamu kachimba kwa jembe la kuazima tukakuta nyungunyungu mpaka Februari ile. Kuna pahala chini ya mwembe pana upepo, wamefungwa ng'ombe wanne wa muuzaji, kila mmoja na kamba yake na duara lake la majani aliyoyala, na hiyo ndiyo "ranchi" yote mliyoisoma, ng'ombe wanne na mwembe. Mimi ilinitosha. Nilikaa pale saa nzima nakula muhogo wa kuchemsha aliotuletea yule shangazi na papa mkavu, sikutaka kuondoka.

Nikamwambia muuzaji mwenyewe, bila dalali: toa eka za hewa, toa miti ya shangazi abaki nayo na achume kama kawaida, toa mto, tuzungumze milioni 19, na silipi hata arbuni mpaka ndugu wote saba wakubali mirathi na bodi ipitishe. Kakaa kimya kisha akasema haki. Sita wameshakubali. Wa saba yuko Maskati, anaendesha lori, simu anapokea Ijumaa tu, na Ijumaa mbili hizi hajapokea.

Leo asubuhi nimeliona tangazo tena. Picha ile ile ya Juni, mto umejaa, mikarafuu 60, na bei imepanda milioni 3.