Bamba la kukaangia la kambini na jiko lake: nimeliuziwa, nimelichukia, nalipikia

Naanza na muuzaji, maana bila yeye nisingehangaika kuandika. Kitu kikinisumbua tu, nanung'unika siku mbili yanaisha. Lakini mtu anikabidhi kitu cha hatari kwa pesa yangu, halafu nikirudi kumuuliza anijibu mbele ya wateja, "Sasa mama, na wewe ulienda kutafuta nini huko porini? Si ungepikia nyumbani kwako?" Hilo haliishi.

Nilichonunua ni seti. Jiko dogo la gesi, lile la kubebwa kwenye mkoba wa plastiki, ambalo kopo lake la gesi linalazwa ubavuni. Na juu yake bamba pana la chuma la kukaangia, lenye tundu la kuchuruzia mafuta. Pale dukani Kariakoo walikuwa wamevipanga pamoja, bamba limekaa juu ya jiko, limetulia kabisa. Uzito na vipimo vipo kwenye boksi, mtasoma wenyewe. Mimi shida yangu ilikuwa moja: kukaanga chapati, mayai na mishikaki ya watu wengi kwa mpigo, nje, bila kubeba mkaa. Nikauliza, "Hili bamba si pana sana kwa hili jiko?" Akacheka. "Mama, hii ni seti, imekuja hivyo hivyo." Kisha lile swali letu la siku zote, na risiti au bila risiti, na bei mbili. Nikalipa ile ya juu, na risiti.

Safari yenyewe ilikuwa Lushoto, kipindi kile cha baridi ambacho ukiamka asubuhi hutaki kunawa maji. Tulipiga mahema upande wa Irente. Aliyefika anaujua ule upepo: unasimama ukingoni, Mazinde iko chini yako karibu mita 1,000, na upepo unapanda na lile genge moja kwa moja usoni.

Wifi yangu alikuwa amekanda unga tangu usiku. Tukawasha. Na nisiwe mnafiki, chapati ya kwanza ilinifurahisha sana. Bamba lile ni zito, likishika moto limeshika. Chapati mbili zinakaa kwa raha, pembeni unasukuma viazi vya hapo hapo Lushoto vinaanza kuwa vya dhahabu, mafuta yanajiendea kwenye kitundu chake. Watoto wakasogea na sahani. Mimi nikaanza kujisifu.

Tak!

Moto ukazima. Kile kishikizo cha pembeni kimeruka juu chenyewe na kopo limejichomoa. Nikalirudisha, nikabonyeza, nikawasha. Chapati ya tatu ikapata madoa upande mmoja, tunataka kugeuza, tak! Tena. Na tena. Tukawa tunakula chapati zilizoiva pembeni, katikati unga. Wifi akasema hili jiko bovu, mimi nikasema ni bovu na mwenye duka nitamla nyama. Mama mdogo akaona ni upepo tu, akaenda kuchukua turubai alizungushie jiko.

Aliyetuokoa ni shemeji yangu, ambaye ni fundi wa friji na maisha yake yote ni gesi. Alikuwa bado kwenye hema. Alivyosikia ile tak ya kumi na ngapi sijui, akatoka na blanketi lake, hakuuliza kitu, akainama akagusa kopo kwa mgongo wa kidole. Akautoa haraka. "Zima jiko. Mama, hilo turubai weka chini. Watoto wote nyuma."

Kopo lilikuwa la moto. Baridi ile, mikono yetu imekufa ganzi, na kopo la gesi ni la moto!

Alivyotueleza, hata mimi nisiyejua fizikia nilielewa. Ile gesi ya kwenye kopo ni biuteni. Inachemka kwenye nyuzi kama sifuri hivi, kwa hiyo hata ikikaa kivulini tu tayari inasukuma kuta za kopo. Ukiipasha moto inasukuma zaidi, na kopo lile bati lake ni jembamba. Sasa kopo limelala hatua moja tu kutoka kwenye moto. Sufuria ndogo haina neno, joto linapanda juu linaondoka. Ila ukifunika jiko zima kwa bamba pana la chuma, joto linagonga bamba linarudi chini, linatambaa mpaka kwenye kile kifuniko cha jiko kinachofunika kopo. Presha ikizidi, kuna kifaa ndani kinalitupa kopo nje ya mahali pake ili gesi ikatike. Ile tak tuliyokuwa tunaitukana ndiyo iliyokuwa inatuzuia tusilipukiwe. Na lile turubai la mama mdogo lingelifungia joto lote ndani.

Kwa hiyo jiko si bovu. Naomba nilisafishe jina. Jiko lilifanya kazi yake vizuri kuliko binadamu aliyeniuzia.

Halafu likaja lililonipandisha presha kweli kweli. Shemeji anafuta mafuta kwenye kifuniko cha kopo, stika ya bei ikalowa, ikajikunja pembe. Akaivuta. Chini yake kuna picha: jiko, na juu yake kikaango kipana kimefunika mpaka kwenye kopo, kimepigwa alama ya X nyekundu. Bei yangu imebandikwa juu ya onyo! Sehemu zote zile tupu za jiko, wameona pale.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho kinachonichanganya kuandika haya maoni. Tulitafuta mawe matatu, tukawasha kuni, tukaweka bamba. Jamani. Sijawahi kupikia kitu kizuri namna ile. Mayai tuliyapasua moja kwa moja juu ya chuma, tukayakatia jibini la Irente Farm, likayeyuka na kushika kahawia pembeni. Mishikaki ya jioni haikuungua wala haikukauka. Chapati zilizobaki ziliiva katikati, na moto wa kuni upepo ule ukauchochea badala ya kuusumbua. Kama ningeandika usiku ule ningewaambia nendeni mkanunue kesho. Kwa hiyo nilitaka kutoa nyota tano.

Kisha nikarudi Dar, nikaenda dukani.

Sikwenda kwa shari. Nilikwenda na risiti yangu, na picha niliyopiga ya lile onyo, nikasalimia vizuri. Nikamwambia kaka, hizi vitu msiviuze pamoja, mtaua watu. Hakuiangalia simu. Alikuwa anafunga mzigo wa mtu kwa gundi ya karatasi, krr, krr, hata hakusimama. "Bei lazima ibandikwe mahali, mama." Ndipo likaja lile la porini na kupikia nyumbani, vijana wenzake wakacheka. Nikatoa risiti. Akanionyesha kwa kidevu kibao cha ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inakataza kumpotosha mteja, na kuna Tume ya Ushindani. Akasema, "Nenda." Nenda tu, hivyo, na krr yake ya gundi.

Pembeni yangu alikuwepo mama mwingine anapatana bei ya seti ile ile. Nikamgeuzia simu, nikamwonyesha. Akavua miwani, akaangalia, akavaa, akaondoka bila kusema neno. Hapo ndipo kijana alipoacha kufunga mzigo.

Basi nyota siwezi kusema ni ngapi. Seti kama seti, sifuri, msinunue, na kama mnayo tayari vitenganisheni leo. Jiko peke yake kwa birika la chai au sufuria ndogo, nje, kamwe si ndani ya hema, nalipa nne. Bamba… nalitumia kila Jumapili uani kwenye jiko la mkaa, siwezi kulisema vibaya. Lakini msiniulize duka liko mtaa gani, sitamtafutia wateja. Nendeni kwa fundi wa kuchomelea anayetengeneza vyuma vya chapati, mwambieni mnataka kipana cha pembe nne, chuma kinene, aweke ukingo pande tatu na mbele aache tundu la mafuta. Na mkishamlipa, mbaki hapo hapo mlikague lisipepesuke.