Sabuni za tandiko la ngozi: mche, kopo na chupa

Sabuni za kusafishia tandiko la farasi huja kwa sura tatu. Kuna mche wa gliserini, ule wa rangi ya asali unaopitisha mwanga. Kuna kopo la sabuni nzito iliyochanganywa na nta. Na kuna maji ya kusafishia ngozi yanayouzwa kwenye chupa ya kupuliza. Zote hutoa uchafu; kwa kweli hata sabuni ya kuoshea vyombo ingeutoa. Zinapoachana ni kwenye kile kinachobaki juu ya ngozi kitambaa kikishapita, na kwa kipimo hicho kopo, ambalo wengi hulikimbilia kwanza, linashika mkia pale tandiko linapokuwa chafu kwelikweli.

Maana uchafu wenyewe una tabaka. Jasho la farasi lina protini iitwayo latherini, ambayo hufanya kazi kama sabuni. Ndiyo inayoleta lile povu jeupe chini ya mshipi (mkanda unaofunga tandiko tumboni mwa farasi) na katikati ya mapaja ya mnyama. Povu likikauka huacha chumvi na mafuta ndani ya nyuzi za ngozi. Vumbi na manyoya hunasa humo, halafu mguu wa mpandaji huja kusugua juu yake kila siku. Mwishowe hutokea vinundu vyeusi, vigumu kama lami, chini ya mabawa (vile vipande vipana vinavyoning'inia ubavuni) na kwenye mikanda ya vikuku (vile vyuma vya kukanyagia) pale shavu la mguu linapogusa. Hivyo vinundu ndivyo mtihani wa sabuni. Vumbi la juu halimshindi mtu.

Kabla ya kufungua mfuko wa pesa, hakikisha kuna kitu cha kuokoa. Egemeza sehemu ya mbele ya tandiko tumboni mwako, shika ukingo wa nyuma wa kiti kwa mikono miwili, uuvute kuelekea kwako. Kiunzi kizima hujipinda kidogo na kurudi. Kiti kikikunjamana katikati, au kikitoa mlio wa vitu vinavyokwaruzana, hiyo ni kazi ya fundi, na tandiko hilo halifai kuwekwa mgongoni mwa farasi. Kisha kunja ile mikanda ya kufungia mshipi, mmoja mmoja, uso ukiwa nje. Mikwaruzo ya juu ya rangi si neno. Ufa unaoonyesha nyuzi hafifu ndani yake ni ngozi iliyokatika, wala hakuna mafuta yanayounga nyuzi zilizokatika. Mkanda huo unabadilishwa. Na tandiko la zamani sana likikuachia unga mwekundu vidoleni, kama wa tofali, usilitie maji kabisa. Ngozi hiyo imeliwa na asidi, na tone la maji litaifanya iwe nyeusi na ngumu bila kurudi.

Chupa

Kwa tandiko lililokaa chafu miezi kadhaa, chupa ndiyo ya kuanzia. Lexol ni mfano unaojulikana wa aina hii. Faida yake inaelezeka kwa namba: ngozi ya matandiko ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi; chini ya 7 ni asidi, juu yake ni kinyume) huwa kati ya 3.5 na 5 hivi, ilhali sabuni halisi, iwe ya mche au ya kopo, iko karibu 9 hadi 10. Ngozi ikikaa muda mrefu imelowa sabuni ya namna hiyo, nyuzi huvimba, mafuta na tanini (dawa ya kudabaghia ngozi) hutoka, na ikikauka hukakamaa. Maji ya chupa yaliyopatanishwa na asidi ya ngozi hayana ugomvi huo. Pia hayana nta, kwa hiyo hayafungii chochote ndani, na unaweza kuyarudia mara tatu mahali pamoja.

Kosa lake kubwa hutokana na chupa yenyewe. Kichwa cha kupuliza kinakualika upulize moja kwa moja juu ya ngozi, na ngozi kavu hunywa matone kabla sponji haijafika. Unabaki na madoa meusi ya mviringo yanayochukua siku kupotea, kama yatapotea. Puliza kwenye sponji, mara mbili au tatu, kwa eneo la viganja viwili. Jambo jingine ni kwamba huiacha ngozi uchi, ikiwa safi lakini haina kinga, hivyo lazima kilainishi kifuate. Na soma kibandiko vizuri dukani: Lexol ya kusafishia na ya kulainishia ni chupa mbili tofauti, na kilainishi juu ya uchafu ni kuukoroga uchafu tu.

Mche

Mche wa gliserini ni wa duru ya pili, na wa kazi ya kila wiki baada ya hapo. Ni sabuni halisi, kwa hiyo yale ya pH yanauhusu, lakini ukitumiwa inavyotakiwa maji yanayoigusa ngozi ni machache mno kuleta madhara. Tatizo ni kwamba wengi hawautumii inavyotakiwa. Huchovya sponji, huisugua kwenye mche hadi povu lijae, kisha hulipaka tandiko kama wanaoga mtoto. Povu ni dalili ya maji yaliyozidi. Fanya kinyume: kamua sponji mpaka isidondoshe hata tone, lowesha ncha ya mche badala ya sponji, halafu uisugue kwenye sponji mara chache. Sponji iwe na mnato mwembamba, kama kidole kilichogusa utomvu. Ikianza kutoa mapovu, ikamue upya.

Mche huacha utando wa gliserini, nao huvuta unyevu wa hewani na kuifanya ngozi ing'ae kidogo na kubaki laini. Mahali pakavu hilo ni jambo jema. Kwenye chumba chenye unyevu mwingi utando ukiwa mnene hunata, hushika vumbi, na kuvu hukaribishwa. Utando mnene, tena, ni matokeo ya sabuni nyingi.

Kopo

Fiebing's ya Milwaukee, Marekani, kampuni iliyoanza mwaka 1895, ina mojawapo ya makopo yanayotambulika zaidi. Sabuni za namna hii si mbaya. Zimepewa kazi isiyo yao. Zina nta, na nta ni kifuniko. Juu ya ngozi safi humaliza kazi vizuri: hung'arisha na kuzuia matone ya mvua. Juu ya ngozi chafu nta hiyohiyo hufunika jasho na vumbi, wiki ijayo unaongeza tabaka jingine, na baada ya mwaka unasafisha sabuni badala ya tandiko. Pitisha ukucha taratibu kwenye bawa. Ukitoka na utepe mwembamba wa kijivu, laini kama mshumaa, umeshajua kilichotokea. Dalili nyingine ni weupe kwenye matundu ya mishono na ya bizimu. Huo hutolewa kwa mswaki mkavu na njiti ya kibiriti iliyochongwa.

Kazi yenyewe

Vua kila kinachovulika: vikuku, mikanda yake, mshipi. Mkanda wa kikuku cha kushoto kwa kawaida ni mrefu kidogo kuliko wa kulia kwa sababu mpandaji hupandia kushoto, basi wakati wa kurudisha ubadilishe upande. Piga brashi kavu kwanza, hasa kwenye mikunjo, maana vumbi likilowa huwa tope na mchanga wake hukwaruza. Andaa ndoo mbili za maji ya vuguvugu, moja ya sponji ya sabuni na nyingine ya kitambaa cha kufutia. Vuguvugu ni vuguvugu: ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti, ikiwa imelowa, husinyaa ikifikia nyuzi joto 70 na ushee.

Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya bawa dogo. Angalia kitambaa. Kijivu au cheusi ni uchafu. Rangi ileile ya tandiko ni rangi inayotoka, na hapo unasimama.

Endelea kwa eneo dogo kwa wakati, miduara midogo, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kabla sabuni haijakauka. Hatua hii ya kufuta ndiyo inayorukwa zaidi, na sabuni iliyoachwa kwenye ngozi huendelea na kazi usiyoitaka. Ukifika kwenye vile vinundu vyeusi usiongeze nguvu wala sabuni. Chukua singa za mkia wa farasi, zile zinazobaki kwenye brashi zinatosha, uzifinyange ziwe kifundo cha ukubwa wa ndimu. Kiloweshe kidogo, kipitishe kwenye sponji ya sabuni, usugue papo hapo. Singa ni kali kuliko sponji, ila hazina ukali wa kuchuna uso wa ngozi. Vinundu huanza kulainika, kisha huviringika na kutoka kama vipande vya kifutio. Visivyotoka mara ya kwanza viache usiku mzima. Mafuta kidogo ya ngozi yaliyopakwa juu yake yatavilegeza hadi kesho. Kisu na pamba ya chuma visikaribie. Amonia vilevile, ingawa utaambiwa inakata mafuta upesi: kukata inakata, na ngozi ya magome huifanya iwe nyeusi.

Mito ya chini, inayokaa mgongoni mwa farasi, ifutwe tu. Ndani yake mara nyingi mna sufu, na sufu ikilowa hujisokota mabonge ambayo farasi atayahisi kabla yako. Sehemu za ngozi yenye uso kama mahameli (suede), kama zile za kuegemezea magoti kwenye baadhi ya matandiko, hazitaki sabuni ya aina yoyote kati ya hizi tatu. Brashi ya mpira inatosha.

Kwenye misumari ya shaba unaweza kukuta ukoga wa kijani ulio laini kama nta. Ni mafuta ya ngozi yaliyokutana na shaba. Ukwangue kwa kijiti cha mbao, kisha pitisha spiriti kwenye pamba, kwenye chuma peke yake. Dawa ya kung'arisha shaba isitumike kabla bizimu haijatoka kwenye mkanda.

Kuvu ni habari nyingine. Tandiko lenye kuvu lipige brashi nje ya nyumba, mbali na matandiko mengine, kisha lifute kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na uliache likauke kivulini penye upepo. Harufu ya siki huondoka. Kuvu hurudi kama chumba hakikubadilika.

Mafuta

Baada ya kuosha, tandiko likae kivulini saa 24. Jua, jiko na kikausha nywele hukausha uso kabla ya kiini, na hapo ndipo nyufa huanzia. Ngozi ikiwa bado na ubaridi kidogo wa unyevu, huo ndio wakati wa kilainishi.

Mafuta ya miguu ya ng'ombe, ambayo hutolewa kwenye mifupa ya miguu na wala si kwenye kwato, yanafaa kwa ngozi iliyokauka hasa. Yapo yaliyo safi na yapo yaliyochanganywa na mafuta ya madini; chukua yaliyo safi. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha bawa moja, sehemu kubwa ikienda upande wa nyama, yaani ule usio na uso laini, maana ndio unaonywa. Subiri siku moja. Ngozi ikibaki ngumu, ongeza nusu ya kiasi hicho. Jua pia kwamba yataigeuza rangi kuwa nzito na haitarudi. Kwa tandiko la rangi hafifu, krimu ya nta ya nyuki ina adabu zaidi.

Mafuta yakizidi, ngozi hulegea kama tambi, mishono hukosa cha kushikilia, na suruali ya mpandaji hutoka na ramani ya kiti. Mikanda ya vikuku na ya kufungia mshipi usiiloweshe mafuta kabisa: hurefuka, tena kila upande kwa kiasi chake. Hiyo ipakwe krimu kidogo, na ndiyo sehemu ambayo kopo letu la nta hatimaye linapata kazi. Mafuta ya kupikia ya alizeti yaache jikoni. Hukaukia juu ya ngozi na kunata.

Kwa tandiko moja lililopuuzwa, hesabu siku tatu: kuosha, kukauka na mafuta ya kwanza, kisha mafuta ya pili ikihitajika. Funika kwa kitambaa cha pamba, si plastiki. Mche nao usiuache kwenye kisahani chenye maji. Gliserini hunywa maji, na asubuhi utakuta uji. Uusimamishe kwenye wavu ukauke, na kama ni mkubwa ukate vipande viwili: kimoja cha kutumia, kingine kikae kwenye karatasi yake.