ToolkitRC M6: chaja ndogo kwa wapenzi wa magari ya rimoti, uzoefu wangu

Kwa muda mrefu nilichaji betri za gari langu, Tamiya TT-02 la kipimo cha 1 kwa 10, kwa chaja ya ukutani isiyo na skrini wala mpangilio wowote, ambayo huwasha taa nyekundu inapochaji na ya kijani inapomaliza. Kwa betri za nikeli za volti 7.2 chaja ya namna hiyo inatosha, mradi mtu awe na subira. Betri za lithiamu polima, ambazo wengi wetu tunaziita lipo, ni habari nyingine kabisa: hazivumilii kujazwa kupita volti 4.2 kwa kila seli, na chaja isiyojua kila seli imefikia wapi haipaswi hata kuunganishwa nazo. Ndiyo sababu nilipohamia lipo nilinunua ToolkitRC M6.

Ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, lakini kina uwezo wa wati 150 na ampea 10, na kinachaji lipo hadi za seli sita. Namba hizo zinavutia, ila mwenye gari la kawaida afanye kwanza hesabu yake mwenyewe. Betri yangu ni ya seli mbili, yenye ujazo wa mAh 5000 (miliampea-saa, yaani ampea-saa 5), na kanuni salama ni kuichaji kwa ampea zinazolingana na ujazo huo, yaani ampea 5. Ikikaribia kujaa huwa na volti 8.4, hivyo ukizidisha unapata wati 42, ambazo hazifiki hata theluthi moja ya uwezo wa chaja.

Jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alifahamu mapema ni kwamba chaja hii haichomekwi ukutani. Inapokea umeme wa DC (mkondo mnyoofu) pekee, si ule wa soketi, kwa hiyo bei unayoiona si gharama yote, na ubora wa adapta utakayoiunganisha nayo una uzito kuliko wati zilizoandikwa kwenye boksi. Nilianza na adapta ya volti 12 niliyoinunua Kariakoo, ya aina inayouzwa kwa ajili ya taa za mkanda, yenye kibandiko cha ampea 5. Kwa maandishi hayo ilipaswa kutoa wati 60 bila taabu, lakini kila chaja ilipoelekea kwenye ampea 5 volti za adapta ziliporomoka na kazi ikakatika. Nilipoibadilisha na adapta ya kompyuta mpakato ya volti 19 na wati 65, tatizo likaisha. Fundi alikata plagi yake ya duara na kulehemu plagi ya XT60, aina inayoingia kwenye chaja hii, baada ya kuhakiki kwa mita waya upi ni chanya na upi ni hasi. Hatua hiyo isirukwe, hata kama rangi za waya zinaonekana kujieleza zenyewe.

Ndani ya mipangilio kuna sehemu mbili ambazo nazithamini sana: kikomo cha wati zinazovutwa kutoka kwenye adapta, na volti za chini kabisa ambazo chaja itakubali kuendelea nazo. Ya kwanza inailinda adapta isielemewe. Ya pili ina faida kubwa tunapokuwa uwanjani mbali na soketi na kuchajia kwenye betri ya gari la kawaida, kwa kuwa nikiiweka volti 12 chaja inasimama yenyewe kabla betri haijachoka kiasi cha kushindwa kuwasha injini ya kuturudisha nyumbani.

Hata hivyo, kilichonifanya niipende hasa ni skrini. Ukichomeka waya wa kusawazisha, ule mwembamba wa betri unaounganishwa na kila seli, kila seli inaonyeshwa peke yake, na unaona dhahiri kama moja ina volti 3.92 wakati mwenzake ina 3.86. Mwanzoni ampea hutulia kwenye 5 huku volti zikipanda. Seli zikifika 4.2, volti husimama, na ampea huanza kushuka polepole huku chaja ikipunguza chaji ya seli iliyotangulia ili iliyobaki nyuma iifikie. Chaja hupima pia ukinzani wa ndani wa kila seli, kwa miliomu. Mimi huandika namba hizo kwenye karatasi niliyoibandika kwenye betri, nikipima betri ikiwa imepoa na imejaa ili vipimo vilinganike, maana seli ambayo ukinzani wake unapanda kuliko wa mwenzake ndiyo inayozeeka, na dalili hiyo mara nyingi huonekana kabla betri haijaanza kuvimba.

Upande ambao udogo wake unaigharimu ni kupunguza chaji. Lipo isiyotumika kwa siku kadhaa inapaswa kuhifadhiwa ikiwa na takriban volti 3.8 kwa seli, na chaja ina programu ya kuifikisha hapo. Lakini nishati inayotolewa haina budi kugeuka joto ndani ya kiboksi hicho kidogo, hivyo betri iliyojaa huchukua saa kadhaa, na lipo haifai kuachwa bila mtu wa kuiangalia hata inapopunguzwa. Njia ninayoiona bora ni kuliendesha gari kwanza, kisha kuiachia chaja ikamilishe kidogo kilichobaki, betri ikiwa juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia na makochi.

Kwa mwenye betri za seli mbili, naipendekeza bila kusita. Anayetumia seli tatu za mAh 5000 azingatie kwamba ampea 5 kwa volti 12.6 ni wati 63, na chaja yenyewe hula kidogo, kwa hiyo adapta yangu ya wati 65 itakuwa imefika ukingoni. Atafute ya wati 90 tangu mwanzo.